Shoka la mjomba: nilivyotumia huduma ya kutambua vitu vya kale kwa picha

Kwa mnaouliza kama huduma hizi za mtandaoni ni za kweli au ni za kula hela za watu: hii niliyolipia mimi, ya huko Ulaya, naipa nyota nne kati ya tano.

Mjomba, Mungu amrehemu, alifanya kazi bandarini Kigoma, akatuachia shoka ambalo nyumbani tukiliita "la Wamanyema", yaani la watu wa Manyema, mashariki ya Kongo. Si shoka la kupasulia kuni. Mpini mzima umevikwa bati jembamba la shaba, limepigiliwa kwa vimisumari. Bapa lenyewe halikujaa: kuna vyuma vyembamba vilivyosokotwa, vinatoka kwenye mpini na kwenda kushikana na makali mapana yaliyopinda. Juu ya vyuma hivyo mhunzi amefua sura za watu, kila moja kama ukucha wa kidole gumba, na macho, pua na mdomo vinaonekana. Mchuuzi mmoja wa vinyago hapa Dar aliniapia kuwa ni la Wamakonde. Haya.

Hawa jamaa wa mtandaoni hawakukimbilia kujibu. Walitaka picha za pande zote mbili, picha ya mahali chuma kinapopenya kwenye mti, urefu na uzito. Ripoti ilipokuja ilitaja jibu pamoja na sababu zake: ni kazi ya Wasongye wa Kongo, hasa kundi la Wansapo, ambao Wazungu waliwaita Zappo Zap. Ushahidi ni zile sura zilizofuliwa, vyuma vilivyosokotwa na mpini wa shaba, vikiwa pamoja. Wansapo walitokea mashariki, wakiuziana na wafanyabiashara wa pwani wa enzi za Tippu Tip pembe za ndovu na watumwa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1880 wakahamia karibu na Luluabourg, Kananga ya leo. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa mbali sana na ukweli, maana Wasongye na Manyema ni majirani.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba walikataa kuliita "shoka la kuulia waliohukumiwa", jina ambalo wauzaji hulipenda kwa sababu linapandisha bei. Mashoka haya yalikuwa ya heshima, mkubwa alikuwa akiliweka lake begani watu wakajua ni nani anapita, na mengi waliuziwa Wazungu. Hawakuficha ubaya pia: mwaka 1899 Wansapo walitumwa na utawala wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, kukusanya kodi, na mmisionari Mmarekani William Sheppard akaikuta kambi yao ikiwa na mikono 81 iliyokatwa. Habari hiyo sikuitarajia kwenye ripoti ya shoka, lakini bora nimeijua.

Nyota moja nimeibana kwa mambo mawili. Umri waliutaja kijuujuu tu, "mwisho wa karne ya 19 au mwanzo wa 20", bila kueleza wameupataje. Halafu thamani ya fedha inalipiwa kando, na hilo hulioni mpaka umeshalipa ada ya kwanza. Sikuendelea.

Ukitaka kuwajaribu, piga picha nje kivulini, bila flashi, maana shaba inarudisha mwanga na sura zote zinapotea. Na tafadhali usilisugue shoka kwanza kwa ndimu na majivu ili ling'ae. Ile rangi ya kahawia iliyozeeka ndiyo wanayoitazama.