TRICARE: daktari yupi umwendee kwanza, na yupi umkwepe

Mtu wa mapokezi akikwambia "TRICARE tunapokea", usishukuru bado. Bima hii ya wanajeshi wa Marekani na familia zao inawagawa watoa huduma katika makundi, na ukubwa wa bili yako unategemea kundi. Mimi nawapanga hivi.

Namba moja ni hospitali na kliniki za jeshi lenyewe. Matibabu ya nje kwa kawaida hulipii, na dawa kwenye famasi yao ni bure. Tatizo ni kupata miadi: askari aliye kazini ndiye anayetangulizwa.

Wa pili ni madaktari wa kiraia walio ndani ya mtandao wa TRICARE. Wana mkataba wa bei, na madai wanapeleka wao. Mwenye Prime, mpango wa TRICARE unaotaka upitie kwanza kwa daktari wako wa msingi, asisahau rufaa. Mwanafamilia akijipeleka mwenyewe kwa bingwa, atatanguliza dola 300 kwa mwaka (600 kwa familia), kisha alipe nusu ya gharama iliyoidhinishwa. Askari aliye kazini hana hata njia hiyo. Bila rufaa anaweza kuachiwa bili yote.

Nje ya mtandao ndiko pesa zinakopotelea. Wanaokubali kiwango cha TRICARE, yaani bei iliyoidhinishwa na bima, kama malipo kamili nawapa nafasi ya tatu. Wasiokubali ni wa nne, kwani wanaruhusiwa kuzidisha hadi asilimia 15. Chukua familia ya askari aliye kazini, yenye Select, mpango wa TRICARE unaokuachia umchague daktari mwenyewe, ambayo imeshamaliza kiasi cha kutanguliza. Huko nje inachangia asilimia 20. Kiwango kikiwa dola 200, mchango ni 40. Daktari akidai 230, zile 30 ni zenu pia. Jumla 70. Tena huenda mkalipa zote papo hapo na kujaza fomu ya madai wenyewe.

Asiyeidhinishwa na TRICARE simpangi kabisa. Bima hailipi hata senti.

Basi ukipiga simu uliza: "Mko ndani ya mtandao wa TRICARE?" Wakisema hapana, uliza kama watakubali kiwango cha TRICARE safari hii, na uulize tena safari ijayo, maana wanaruhusiwa kuamua dai kwa dai. Kisha litafute jina la daktari kwenye orodha ya kampuni inayosimamia TRICARE kwenu: Humana Military ukiwa kanda ya mashariki ya Marekani, au TriWest, walioshika kanda ya magharibi tangu Januari 1, 2025.