Makro za LibreOffice Writer kwa kazi za steshenari: uzoefu wangu hapa Tanga

Nina steshenari ndogo Ngamiani. Kazi inayonilisha ni kuchapa, kupanga kurasa na kuprinti: ripoti za wanafunzi waliotoka fildi, mitihani ya shule, mihtasari ya vikao vya vikundi. Maandishi yenyewe hayana tabu. Kinachokula muda ni vitu vilivyomo ndani yake, yaani picha, majedwali, fremu, mishale na michoro. Mwanafunzi aliyekwenda mapango ya Amboni au kwa wakulima wa mwani anakuletea faili lenye picha za simu karibu kila ukurasa. Moja imejaa ukurasa mzima, nyingine imepanda juu ya maandishi, ya tatu imejificha pembeni. Na kazi anaitaka leo hii.

Kwa kazi za namna hiyo natumia makro za LibreOffice Writer, programu ya kuandikia nyaraka, na naziamini. Makro ni mfululizo wa amri unaouandaa mara moja, kisha kompyuta inaurudia yenyewe. Kwa duka langu zimesaidia kuliko ambavyo kompyuta mpya ingesaidia. Programu ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na lugha ya Basic ya kuandikia makro inakuja humo humo.

Nianze na kinasa makro, yaani kinachorekodi hatua zako ziwe makro, maana wengi huanzia hapo, wakikwama wanaacha kabisa. Kwanza hakionekani. Lazima uingie Tools, kisha Options, kisha Advanced, ukiruhusu kinasa ndipo kitokee kwenye menyu. Pili, kinanasa amri za menyu na kibodi tu. Kubadili fonti, kutafuta neno na kulibadilisha, kuweka nafasi kati ya mistari: hapo kinafaa. Lakini ukibofya picha kwa kipanya ukaivuta, kitendo hicho hakinaswi. Kwa hiyo anayetaka kutawala picha aandike makro kwa mkono. Si kazi ngumu kama inavyotisha kwa macho.

Siri ni kujua kwamba Writer inaweka vitu vyake katika makundi, na kila kitu kina jina. Bonyeza F5 utaona orodha: picha hizi, majedwali haya, fremu hizi. Kwenye makro, waraka uliofunguliwa unaitwa ThisComponent. Ukiuambia getGraphicObjects unakupa picha zote, getTextTables majedwali yote, getTextFrames fremu zote. Unaweza kuita kitu kwa jina lake au kukipitia kwa namba, na namba zinaanzia sifuri.

Makro ninayoitumia kila siku ni ya picha. Inapita moja moja, inaweka upana wa sentimita 12, inakokotoa urefu kwa uwiano uleule ili sura za watu zisivutike, kisha inabadilisha nanga, yaani mahali picha ilipofungwa kwenye waraka. Vipimo huko ndani vinahesabiwa kwa sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo sentimita 12 unaandika 12000. Ukiandika 12 tu, picha itanywea mpaka uitafute.

Hiyo nanga ndiyo nataka wenzangu wa steshenari waielewe vizuri, kwa sababu vurugu nyingi za picha zinatoka hapo. Picha inaweza kufungwa kwenye ukurasa, kwenye aya, kwenye herufi, au kukaa ndani ya mstari kama herufi yenyewe. Iliyofungwa kwenye ukurasa haisogei hata ukiongeza maandishi juu yake, ndiyo maana maelezo yanakwenda ukurasa wa 9 na picha inabaki wa 8. Kwa ripoti, mimi naweka AnchorType, yaani aina ya nanga, kuwa AS_CHARACTER, ile ya kukaa kama herufi, picha ikae kwenye aya yake peke yake, katikati. Mwalimu akisema ongeza sura nzima mwanzoni, kila picha inatembea na maelezo yake. Kufanya hivyo kwa mkono katika ripoti yenye picha nyingi kunachosha macho, na jicho likichoka lazima moja itasahaulika. Makro hairuki hata moja.

Majedwali nayo yana raha yake. Mstari mmoja wa makro, RepeatHeadline, unafanya vichwa vya jedwali vijirudie kila linapovuka ukurasa. Kwa orodha ndefu za wanachama wa kikundi, au matokeo ya darasa, hilo linampa msomaji heshima yake.

Mitihani ni habari nyingine. Mchoro wa moyo kwa mtihani wa biolojia, wenye mishale na herufi A mpaka F, mara nyingi umechorwa kwa maumbo ya programu yenyewe. Maumbo hayo hayamo kwenye kundi la picha. Yako kwenye kundi liitwalo DrawPage, pamoja na kila kitu kingine kinachoelea. Makro ya picha ikipita hapo inayaacha yalivyo. Kabla ya lolote, unganisha maumbo ya mchoro mmoja yawe kundi moja, ndipo uyaguse. Mshale uliohama kidogo ukaonyesha mshipa badala ya chemba unaweza kumnyima mtoto alama asiyostahili kuikosa. Kwa michoro ya mitihani, makro ikimaliza, mimi bado napitia kwa macho yangu, kila mmoja.

Kuna mambo mawili ya ndani yaliyonifurahisha. La kwanza ni lockControllers: unaizuia skrini isijichore upya kila picha inapoguswa, na mashine ya zamani inapumua. Ukishamaliza unaifungua kwa unlockControllers. La pili ni enterUndoContext ya kidhibiti cha kutendua. Mabadiliko yote ya makro yanakuwa hatua moja, mteja akisema hakupenda, Ctrl+Z mara moja na waraka unarudi ulivyokuwa.

Wanaotumia Word wanaweza kufanya karibu haya yote kwa VBA, lugha ya makro ya huko. Huko picha ziko makundi mawili, InlineShapes zilizo ndani ya mstari na Shapes zinazoelea, na vipimo ni pointi, 72 kwa inchi.

Usalama usiuchukulie kirahisi, hasa sisi tunaopokea flashi za kila mtu. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kikiwa makro ndani ya waraka wa Word. Makro zangu nazihifadhi kwenye My Macros, upande wa kompyuta yangu, kwa hiyo faili la mteja linaondoka safi. Kiwango cha usalama nimekiacha High kama kilivyokuja, na makro iliyokuja na faili la mtu siiruhusu hata akiniomba.

Ninachokilalamikia ni maelezo. Karibu yote ya maana kuhusu makro yameandikwa Kiingereza, na majina ya vitu ni marefu. Inauma kidogo, kwa sababu programu iliyoizaa LibreOffice ilishawahi kuwekwa menyu za Kiswahili mwaka 2004 kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kijana wa hapa mwenye akili ya kompyuta lakini Kiingereza cha kubahatisha angefika mbali kama angepata maelezo ya makro kwa lugha anayoiota. Kwa sasa kinachosaidia ni kichunguzi cha vitu kilichowekwa tangu toleo la 7.2, mwaka 2021: unachagua picha, unasoma sifa zake zote na thamani zake.

Jambo la mwisho ni la kuhifadhi. Mteja akitaka docx, yaani faili la Word, nanga za kwenye ukurasa hazivuki salama, zile za ndani ya mstari zinavuka vizuri. Makro yako imalize nanga zote kwanza, ndipo uhifadhi docx, ulifunge faili, ulifungue tena na kulikagua. Halafu mpe na PDF, na umwambie akaprinti hiyo.