Adapta ya 12V 2A ya hadidiski ya nje: hii ndo iliyoamsha yangu baada ya mbili kugoma

Nianze na jibu kabisa kwa mwenye haraka. Kama una hadidiski ya nje ile kubwa ya inchi 3.5, ya kukaa mezani, isiyowaka mpaka uichomeke kwenye umeme, na adapta yake imekufa au imepotea, hii adapta ya volti 12 ampea 2 inafanya kazi na naipa nyota nne kati ya tano. Nimeitumia miezi minne sasa, karibu kila siku, haijanikatikia hata mara moja. Ila usinunue kabla hujasoma yaliyonikuta na zile mbili za kwanza, maana kosa nililofanya watu wengi wanalifanya na wengine wanaunguza kabisa.

Ndani ya hadidiski yangu kuna picha za familia nilizoskani mwaka mzima, zile za karatasi za tangu wazazi wetu hawajaoana, na baadhi ya karatasi zenyewe zimeshaliwa na ukungu kwahiyo nakala iliyobaki ni hiyohiyo moja. Sasa siku hiyo nimechomeka naona taa haiwaki, mota kimya, aisee nilikaa chini. Nikajua hadidiski ndo basi. Fundi mmoja akaniambia tulia, pima adapta kwanza, tukapima na mita ikasoma sifuri. Kumbe diski nzima, adapta ndo imekata moto. Hilo ulishike: ukiona kimya kabisa, hakuna taa hakuna mlio, anza kuishuku adapta, usikimbilie kufungua diski.

Shida ikaja kwamba stika ya ile adapta ya zamani ilishafutika, namba hazisomeki. Nikafanya wanachofanya watu wote, nikatafuta adapta yoyote nyumbani ambayo plagi yake inaingia. Ya ruta ikaingia vizuri tu, imeandikwa 12V, nikasema si hiyo hiyo. Taa ikawaka! Nikafurahi. Halafu mota ikaanza kuzunguka, vuuuu, inapanda, inapanda, mara tk, inazima, inaanza upya. Vuuuu, tk. Vuuuu, tk. Nikaizima haraka sana maana ule mlio wa tk unatisha, unafanana na mlio wa diski iliyoharibika kichwa cha kusomea data.

Sababu ni hii, na fundi alinieleza vizuri. Adapta ya ruta ilikuwa 12V lakini ampea 1. Hadidiski ya inchi 3.5 ikishazoea kuzunguka inakula umeme kidogo tu, lakini zile sekunde chache za mwanzo, wakati mota inazisukuma sahani za ndani zinazobeba data kutoka kusimama mpaka mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika, inavuta nyingi, karibu ampea 2 kwa diski nyingine. Adapta ya ampea 1 inazidiwa, volti inashuka, diski inajizima kujilinda, ikipata nguvu inajaribu tena. Kwahiyo diski ilikuwa nzima, ni njaa tu. Ukisikia mlio huo ukiwa na adapta ya kuazima usiendelee kujaribu mara ishirini, chomoa.

Hapa niseme jambo linalowachanganya wengi. Volti lazima ilingane, haina mjadala, 12 kwa 12. Ampea ya adapta ikizidi haina neno, maana kifaa kinavuta kiasi kinachohitaji tu, ampea 3 au 5 haiwezi kuisukumia diski umeme isioutaka. Ikipungua ndo tatizo. Boksi langu, yaani kasha ambalo diski inakaa ndani yake, chini kabisa, karibu na vimiguu vya mpira, kuna maandishi madogo sana 12V 1.5A, ilibidi nipige picha na simu nikaikuza ndo nikayaona. Yalikuwepo muda wote! Kama stika ya adapta imefutika angalia hapo, au chukua namba ya modeli ya boksi utafute karatasi za mtengenezaji. Ila usisome stika ya diski yenyewe kama umeshafungua boksi, kwa sababu pale utakuta 5V na 12V zote mbili (5 ni ya saketi na 12 ni ya mota) na utachanganyikiwa, wakati boksi mengi yanapokea 12 tu kutoka nje halafu yanajishushia 5 yenyewe ndani. Nasema mengi kwa sababu yapo ya zamani yenye plagi ya duara ya pini nne au zaidi, hayo yanapokea 5 na 12 kwa pamoja kutoka kwenye adapta, na hii ninayoisifia hapa haitakufaa.

Ya pili niliagiza mtandaoni. Muuzaji aliandika inafaa hadidiski zote, 12V 2A, nikaamini. Ilivyofika nikaishika mkononi nyepesi kama kiberiti kitupu, roho ikasita lakini nikachomeka. Diski ikawaka, ikaonekana kwenye laptopu, nikaanza kunakili mafaili, baada ya kama dakika kumi folda zikapotea zote, zikarudi, zikapotea. Adapta ya moto hata kuishika unashindwa. Nikairudisha kwa fundi na hapo ndo nikaona kitu ambacho kimenifundisha kuliko maelezo yote. Akaipima na mita ikiwa haina mzigo, ikasoma 12.2, safi kabisa, mtu yeyote angesema nzima. Halafu akachukua balbu ya indiketa ya gari, ya volti 12 wati 21, akaiunga kwenye plagi kwa waya mbili, balbu kama hiyo inavuta ampea moja na robo tatu hivi. Mita ikashuka mbele ya macho yangu: 11, 10, 9.6. Na balbu yenyewe inafifia taratibu. Hadidiski nyingi zinataka 12 isiyumbe zaidi ya asilimia 5 mpaka 10, yaani ukiteremka chini ya 10.8 unacheza na hatari. Stika ilisema ampea 2, vitu vya ndani havikuwa na ampea 2. Iliniuma sana, si hela, ni kwamba nilikuwa nanakili picha zile huku umeme unayumba, faili lingeweza kuharibika katikati.

Hii ya tatu ndo nilienda nayo kwa fundi kabla sijaigusisha kwenye diski. Balbu ileile. Ikasita kidogo mwanzoni, ikawaka, mita ikasimama 11.9, tukaiacha nusu saa, 11.9. Joto ipo, ya kawaida, unaishika bila shida. Ndo nikaichomeka kwenye boksi. Vuuuu, ikapanda, ikapanda, ikatulia kwenye ule mlio wake wa siku zote. Jamani. Sikufungua picha hata moja kwanza, nilinunua diski nyingine siku hiyohiyo nikaacha inanakili usiku kucha, na naomba na wewe ufanye hivyo, ikiwaka tu nakili kwanza, mambo mengine baadaye.

Sasa plagi. Hizi za duara nyingi kipenyo cha nje ni milimita 5.5, lakini tundu la katikati lipo la 2.1 na lipo la 2.5, kwa macho huwezi kutofautisha. Ya 2.1 haiingii kwenye boksi lenye pini ya 2.5, inagoma, hiyo nzuri maana unajua mapema. Mbaya ni kinyume chake, plagi ya 2.5 kwenye pini ya 2.1 inaingia lakini inacheza, ukigusa meza kidogo diski inakata umeme ikiwa inaandika. Ninayoiandikia hapa ni 5.5 kwa 2.1 na kwangu imekaa imara, inabana hata, kuichomoa lazima ushike boksi kwa mkono mwingine.

Angalia pia kile kialama cha viduara, kuna alama ya kujumlisha na ya kutoa zimeunganishwa na kidoti na kama herufi C. Kwenye boksi langu kujumlisha iko katikati, na kwenye adapta hii pia. Zikipishana usichomeke kabisa. Zile adapta za kubadilisha volti kwa swichi zenye ncha nyingi ndo hatari zaidi hapa kwa sababu ncha inaweza kugeuzwa bila wewe kujua, na swichi ikiguswa inahama. Na kuna adapta zinazotoa umeme wa AC, zimeandikwa 12V na kiwimbi kidogo, hizo ni za vifaa vingine. Unataka yenye mstari mmoja na vistari vitatu chini yake. Kitu kingine, kwenye stika utaona herufi V au VI ndani ya duara, usije ukadhani ni volti 5 au 6, hiyo ni namba ya Kirumi ya daraja la kubana matumizi ya umeme. Hii yangu ina VI.

Rafiki yangu alinishauri nitumie adapta ya laptopu kwa vile ina nguvu. Tafadhali msifanye hivyo. Zile nyingi ni volti 19 na zaidi, na baadhi plagi inaingia vilevile. Diski nyingi zina kidiodi cha ulinzi kwenye saketi ambacho kinajitoa kafara volti ikizidi, kikishaungua diski inabaki kimya, na hata kama data bado zipo kwenye sahani inabidi mtaalamu aishughulikie. Kama adapta sahihi haipatikani na una haraka, bora kutoa diski kwenye boksi na kuiweka kwenye doki ya SATA (kifaa cha kuchomekea diski iliyotolewa kwenye boksi) au kompyuta ya mezani, lakini ujue kuna maboksi yanafunga data kwa msimbo kwenye saketi yake, ukitoa diski haisomeki nje ya boksi lile. Kwahiyo boksi usilitupe.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya waya. Ni mfupi, mita moja tu, na upande wa plagi hauna ile mpira ya kuzuia kukunjika, ndo sehemu ambayo adapta nyingi zinakatika ndani kwa ndani. Mimi nimeufungia kamba ya plastiki kwenye mguu wa meza ili usivutwe. Na stika imechapwa kwa wino unaofutika kwa jasho la kidole, nimeshaona 2 ya 2A inaanza kupauka, nikabandika tepu nyeupe juu yake nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: HADIDISKI 12V 2A KATIKATI +.