Tepu ya damu ya mzee nimeipata Kariakoo, ila yule kijana wa dukani jamani

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asimalize bando lake hapa: duka nyota moja. Tepu yenyewe tutaiongelea huko chini, maana nikianza kuisifia sasa hivi yule kijana atakuwa amepona na mimi sitaki apone.

Kisa ni kapeti. Lile kapeti la plastiki la kupimiwa kwa mita, langu damu ya mzee lenye vimaua vya dhahabu, na sebule ilivyo pana ikabidi viungwe vipande viwili. Sasa pale kwenye maungio pameanza kunyanyuka, ukideki maji yanaingia chini, watoto wanajikwaa, mgeni akiingia tu jicho lake linatua hapo hapo. Kapeti jipya halipo kwenye bajeti ya mwaka huu, nikasema napiga tepu, ila iwe ya rangi ile ile isijulikane kama kuna tepu.

Wale wanaosema Kariakoo hakukosekani kitu hawajawahi kutafuta tepu ya damu ya mzee. Zilizojaa ni za mafundi umeme, nyekundu, njano, bluu, nyeusi, kijani, kwa sababu wao wanatofautishia nyaya na mwenye duka analeta kinachotoka, fundi gani atakuja kumuulizia damu ya mzee? Za maboksi ni kahawia au zile zinazoonyesha, ya karatasi ya wapaka rangi ni kama rangi ya maziwa. Basi. Na hiyo nyekundu ya umeme msijaribu hata mkishawishiwa. Fundi mmoja alinibandikia akasema haina shida, kumbe ile inavutika, ukiibandika huku umeivuta baadae inajirudi yenyewe ncha zinajikunja, alafu joto letu hili gundi inachuruzika pembeni inakamata vumbi, nikabaki na mstari mweusi wa uchafu katikati ya sebule. Ya maboksi nayo ukideki deki tu inaachia.

Inayotakiwa ni ile nene ya kitambaa, ukiichana kwa mkono unaona nyuzi. Nyeusi na ya rangi ya fedha zipo kila kona. Wauzaji wa Instagram picha nzuri, ukiuliza bei njoo DM, ukienda DM imeisha ila kuna pinki. Pinki ya nini sasa. Wa kuagiza China rangi zote wanazo, ila utasubiri, na damu ya mzee ya kwenye kioo cha simu huwezi jua itakuja damu ya nani.

Kwa hiyo nikashuka na mwendokasi Gerezani nikaanza kuzunguka, jua la utosi, mkobani nina kipande cha kapeti nilichokata chini ya kabati pale pasipoonekana. Nimeulizia mpaka sauti ikaanza kukwama. Nikaingia duka moja la ndani ndani huko, lina makufuli, vitasa, gundi za mbao, na juu kabisa kwenye shelfu nikaiona. Wallahi nilitaka kupiga vigelegele.

Kijana yuko na simu. Namsalimia, kimya. Namsalimia tena, "poa, unataka nini". Hata dada hakuna, hata anti. Nikamwonyesha tepu, akaishusha kama mtu aliyeambiwa abebe friji. Elfu saba. Sawa, sikubishana hata na bei, mimi ninayebishana na bei ya nyanya. Nikatoa kipande changu cha kapeti nikakiweka pembeni ya ile tepu, na hapo ndio akacheka, kile kicheko cha puani, akamwambia mwenzake, "cheki huyu, sijui anatafuta tepu au anatafuta mchumba."

Nikanyamaza. Nina watoto, nimeshazoea kunyamaza.

Tatizo mle ndani kuna zile taa nyeupe za LED, na chini ya taa zile kila chekundu kilichokolea kinaonekana kahawia, nikawa sijui kama inaendana kweli. Nikamwambia kaka naomba nisogee hapo mlangoni niangalie kwenye mwanga wa jua. Mlangoni. Hatua chache tu, ananiona. Akaivuta tepu akaniambia, "Hapana, mnatokaga hivyo hivyo mnaondoka nayo."

Mnatokaga. Mnaondoka. Mimi na nani? Yaani nimevaa vizuri, nina umri wa kumzaa au niseme wa kuwa dada yake mkubwa kabisa, nimetoka Kimara kwa nauli yangu, nije niibe tepu? Nikamuuliza kwa upole, sasa mteja ataona vipi rangi? Ananijibu, "Acha simu yako hapa ndio utoke." Simu ya laki nne na ushee iwe dhamana ya tepu ya elfu saba! Na wewe utakayebaki na simu yangu, dhamana yako iko wapi?

Nendeni Mtaa wa Congo mkatafute kitambaa cha sare ya harusi muone. Unakuja na sampo yako ya vidole viwili, muuzaji mwenyewe anabeba jora mpaka nje, anageuza huku, anageuza kule, anakwambia dada hii imepauka subiri nikuletee nyingine. Na pale usiponunua bado anakwambia karibu tena. Hapo ndio utajua biashara ni mdomo, wengine wamepewa tu funguo za duka.

Aliyeniokoa ni machinga wa soksi aliyekaa nje pale barazani, amesikia yote, akapaza sauti, "Mpe mama wa watu aangalie bwana, mimi nipo mlangoni hapa atapita wapi." Kijana akaisukuma ile tepu juu ya kaunta mpaka nikaidakia tumboni. Nikatoka nayo juani.

Ikaendana. Ndio kinachoniuma mpaka leo. Ingekuwa tofauti hata kidogo ningeirudisha kwa raha zangu zote na maneno mawili matatu juu, ila ilivyokuwa vile vile kama imekatwa kwenye lile kapeti, nifanyeje? Nikalipa. Nikaomba risiti, akaniuliza "risiti ya tepu?" Nikamwambia ndiyo, ya tepu. Nilisimama pale mpaka ikatoka kwenye mashine, na soksi za yule machinga nikanunua ingawa sikuwa na shida ya soksi.

Sasa tepu. Nilipafuta kwanza na spiriti, nikapaacha pakauke kabisa, nikabandika taratibu bila kuivuta, nikapakandamiza kwa chupa ya soda nikiwa nimepiga magoti. Imepita mvua yote ile, inadekiwa kila siku, watoto wanaburuza viti juu yake, haijanyanyuka hata ncha. Shemeji yangu alikaa sebuleni karibu saa nzima akauliza "lile kapeti la zamani mlilitoa?" Kwa hiyo tepu nyota tano, siwezi kudanganya, na duka nalo haki yake nyota mbili basi, kwa kuwa wao peke yao ndio walioleta rangi hiyo mji mzima huu. Aliyeiagiza ana akili. Sijui kama ndiye mwenye duka, kulikuwa na mzee kakaa nyuma anahesabu misumari, hakusema kitu.

Ila ndio nikikumbuka hicho nacho! Alikuwa anasikia! Mzee mzima anasikia mteja anaitwa mwizi na anaendelea kuhesabu misumari. Hapana, narudi kwenye moja. Moja na nusu, kwa ajili ya rangi.

Roli imebaki kama robo na chumba cha watoto bado kina maungio yale yale, kwa hiyo kuna siku itabidi. Nikipata wa kumtuma nitamtuma. Nikikosa nitaenda, nimevaa zile soksi, na nitaomba nitoke nayo nje kabla hata sijamsalimia.