Wembe wa zamani wa kukunja: kutoka kwenye kutu hadi shavuni

Wembe wenyewe niliununua wa mtumba. Kwenye shina, kipande cha chuma kati ya makali na bawaba, una mhuri wa Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa nyembe na visu, na chini yake neno Germany. Neno hilo husaidia kukadiria umri, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Muuzaji aliniambia uko tayari kunyolea. Haukuwa tayari.

Mgongoni ulikuwa na madoa ya kutu, na nilipoyatazama makali kwa lenzi nikaona mapengo mawili madogo karibu na ncha. Kutu ya mgongoni si tatizo. Iliyoingia kwenye makali ndiyo inayoua wembe, maana vishimo vyake vinazidi kujitokeza kila unaponoa. Na wenye ufa, hata ukipewa bure usiuchukue. Mpini wangu ni wa seluloidi, plastiki ya zamani, nao nilishukuru kuukuta mzima: seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma hata ukikipaka mafuta.

Kutu niliitoa kwa mkono, kwa msasa wa maji namba 600, 1000 na 2000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi, na mawe ya kunolea ni vivyo hivyo) pamoja na mafuta kidogo. Mashine sikuigusa. Chuma cha wembe ni chembamba, kikipata moto wa msuguano kinapoteza ugumu wake, na ugumu huo haurudishwi na kinoo.

Kunoa ndiko kulikochukua muda. Wembe wa aina hii hulala bapa, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaopanga pembe. Huna haja ya kukisia. Unasukuma makali yakitangulia, bila kubonyeza. Mgongoni nilibandika tepu ya umeme, tabaka moja, usiliwe na jiwe. Kosa langu lilikuwa kuliacha jiwe la namba 1000 mapema na kukimbilia 4000, 8000 na 12000. Mawe laini hung'arisha tu, hayamalizi kazi ya jiwe la kwanza. Nywele za mkononi zilikatika vizuri katikati ya wembe, lakini kwenye kisigino, mwisho wa makali ulio karibu na mpini, zililala tu. Nikanyoa hivyohivyo, shavu likaniwaka siku mbili.

Nikarudi kwenye 1000. Safari hii niliyatazama maji: makali yakiwa butu huyasukuma mbele, lakini yakishika ukali, maji hupanda juu ya bapa, kwa urefu wote kuanzia kisigino hadi ncha. Hapo ndipo nilipohamia jiwe la pili.

Baada ya mawe, makali humaliziwa kwenye mkanda wa ngozi, na huko mwendo ni kinyume, mgongo unatangulia. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, la sivyo utaukata mkanda na kuyaharibu makali uliyoyahangaikia. Mimi hupiga mizunguko 50 kabla ya kila kunyoa.

Na kunyoa? Maji ya moto, povu zito, ngozi ivutwe mpaka ikaze, wembe uinamishwe kama nyuzi 30. Ukikata, unasikika. Shavuni ni mvumo mwembamba, kidevuni ni mkwaruzo. Povu likianza kukauka, sauti hubadilika kabla ngozi haijalalamika, nami husimama nikapaka upya.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni shingo. Ndevu zangu ni za kujikunja, na nyembe za plastiki zenye makali matatu huuvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, ukiota upya unachoma nyama kwa ndani na kuleta vipele. Makali mamoja hukata usawa wa ngozi. Vipele vyangu vimepungua sana, mradi nisinyoe kinyume cha ndevu.

Nikimaliza naukausha wembe mpaka kwenye bawaba na kuupaka tone la mafuta. Hauazimwi mtu, kwa hofu ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu. Taya la kushoto, ambako mkono wa kulia unalazimika kuvuka uso, bado nalinyoa polepole sana.