Gereji ya Mwanga, Kigoma: chumba cha jenereta kwenye Bedford ya redio

Wadau kama mna gari la zamani la jeshi lililobeba mitambo ya redio, hawa mafundi wa Mwanga njia ya Ujiji wapelekeeni tu. Kwenye lori langu la Bedford, sakafu ya chumba cha jenereta ilishaliwa na kutu, wao hawakupiga puti wakafunika, wamekata bati lote bovu wakachomelea jipya wakapaka redoksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) ndo ikaja rangi ya kijani. Kilichonikosha ni waya wa ethi, ule unaounganisha jenereta na bodi ya gari, wamekwangua rangi mpaka chuma kinang'aa kabla ya kufunga nati, maana ethi ikiwa mbovu kelele za jenereta zinaingia kwenye redio husikii kitu aisee. Raba za kukalia jenereta mpya, ekzosi inatolea nje kabisa. Bei imechangamka, iko juu kidogo. Mlango wa pembeni bado unabana, wamesema nirudishe waurekebishe bure.