Uzoefu wangu: kutoa katriji tupu za printa kwa ajili ya mfuko wa yatima, Malindi

Ninafanya kazi katika duka la uchapishaji karibu na Barabara ya Lamu mjini Malindi, ambako printa hazipumziki, hasa walimu wanapoleta mitihani ya mwisho wa muhula. Tangu mwaka jana katriji zetu zilizokwisha haziendi tena jaani. Tunazipeleka kwa huduma moja ya ukusanyaji iliyoko Mombasa, ambayo huzinunua na kutuma fedha moja kwa moja kwa mfuko wa yatima tuliouchagua wenyewe. Wenye ofisi na saiba kadhaa wameniuliza kama fedha hizo hufika kweli. Hufika, ila kiasi chake hutegemea mambo ambayo matangazo ya huduma hiyo hayayaelezi vya kutosha.

Mnunuzi wa katriji tupu anatafuta gamba zima lililotoka kiwandani, ambalo fundi atalifungua, atalisafisha, atabadilisha sehemu zilizochakaa, atalijaza upya na kulijaribu kabla halijauzwa tena. Kwa hiyo inayotakiwa zaidi ni katriji halisi ya kampuni iliyotengeneza printa, tena ambayo haijawahi kujazwa hata mara moja. Ile iliyojazwa kwa sindano, kama ilivyo desturi ya saiba nyingi hapa kwetu, au ile ya bei nafuu iliyotengenezwa na kampuni nyingine, hulipiwa kidogo sana au hukataliwa kabisa. Kwa orodha tulizopokea sisi, tona, yaani katriji za unga za printa za leza, zimelipiwa vizuri kuliko katriji za wino. Na katika za wino, zenye kichwa cha kuchapia kilichounganishwa nazo, kama zilivyo nyingi za HP, zimezishinda zile ambazo ni vijitangi vya wino tu.

Kichwa hicho kina matundu madogo mno ambayo huziba wino ukikauka, na katriji yenyewe ina vipande vya shaba vya kupitishia umeme. Joto letu hukausha wino upesi na hewa ya chumvi huila shaba, kwa hiyo anayeishi pwani hana budi kuwa mwangalifu kuliko aliyeko Nairobi. Katika duka letu, katriji ikitolewa tu kwenye printa huwekwa ndani ya kopo lenye kifuniko kinachobana, bila kugusa shaba kwa vidole, na kopo hukaa kabatini mbali na dirisha. Tona nazo hurudishwa kwenye maboksi yake na hazifunguliwi, kwa kuwa unga wake ni plastiki laini iliyochanganywa na rangi. Ukimwagika, ufutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, maana maji ya moto huufanya ushike. Ninawasihi pia wenzangu wasizichome shimoni pamoja na taka nyingine, jambo ambalo bado ninaliona mitaani, kwa sababu moshi huo wa plastiki huvutwa na watoto wa majirani.

Sifa kubwa ya huduma hii ni uwazi wake. Baada ya kila mzigo hutuletea orodha inayoonyesha aina za katriji, zilizokubaliwa, zilizokataliwa na sababu yake, pamoja na malipo ya kila aina, na mweka hazina wa mfuko hupokea ujumbe wa M-Pesa wenye jumla ileile. Fedha hazipiti mikononi mwetu hata kidogo, nami naona hivyo ndivyo inavyopasa mali ya yatima kushughulikiwa. Nilipompelekea orodha ya kwanza mama mmoja wa kamati, aliisoma mstari kwa mstari kisha akaniambia, "Mwanangu, karatasi hii niachie nikawaonyeshe wenzangu, wajue sare za watoto zimetoka wapi." Fedha zenyewe hazikuwa nyingi, zilitosha sare na madaftari ya watoto wachache. Lakini zilitokana na vitu ambavyo zamani tulimlipa mzoa taka avichukue.

Nisiloridhika nalo ni hatima ya katriji zinazokataliwa. Huduma husema hupelekwa kwa wenye kibali cha kurejeleza taka za kielektroniki, ila haitoi hati yoyote ya kuthibitisha. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayowawajibisha wazalishaji kwa bidhaa zao hata baada ya kutumika, na mtoaji aliyejali kutenganisha taka zake anastahili kuona hati hiyo. Nimewaandikia kuhusu jambo hili, na mpaka wanijibu kwa maandishi siwezi kuwapa alama zote. Najua kuna mipango ya kampuni zenyewe, kama Planet Partners ya HP iliyoanza mwaka 1991, ambayo huzirudisha katriji bila kumtoza mteja. Mipango hiyo ni mizuri kwa mazingira, lakini urejelezaji huo peke yake haumnunulii yatima sare.

Anayetaka kujiunga azingatie pia kwamba printa za matangi, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, sasa zimejaa katika maduka yetu, na chupa zake za wino hazinunuliwi. Ofisi yenye printa za aina hiyo pekee haitakuwa na cha kutoa. Shule, mawakili na hoteli zinazotumia leza ndizo zenye mchango mkubwa.

Wenzetu wa Lamu wana gharama ya ziada, kwani mzigo wao huvuka kwa boti hadi Mokowe kabla ya kupakiwa kwenye basi, na nauli ya kifurushi kidogo yaweza kumaliza malipo yote. Ningewashauri ofisi kadhaa za kisiwani zikusanye pamoja, zitangulize tona halisi ambazo hazijajazwa, na zikubaliane na huduma kwa maandishi nani atalipa usafiri kabla boksi la kwanza halijashuka gatini.